Mwenye Kujua Anunuapo kwa Asiyejua

Siku ya Jumamosi mjini Kisangani, jua likiisha kupanda, watu wengi hutoka kwenda kutafuta vitu vikuukuu. Wengine huenda soko kuu la Makiso. Wengine huketi nyuma ya baisikeli za toleka na kupelekwa Kabondo, Tshopo na Mangobo, ambako vitu hupangwa juu ya meza au juu ya mkeka mbele ya nyumba. Na wenye haja kubwa zaidi huvuka mto kwa mtumbwi mpaka Lubunga. Huko huonekana sufuria zilizobonyea, pasi za makaa, redio zisizo na sauti, vitabu vya shule vilivyoonjwa na mchwa, cherehani, taa, baisikeli isiyo na mnyororo. Mwenye jicho zuri hupita polepole. Hajui anatafuta nini, lakini ajua ya kuwa akikiona atakitambua.

Zaidi ya vyote ziko nguo. Mji huu una kiwanda chake cha nguo, Sotexki, kilichojulikana tangu miaka ya 1970 kwa vitenge vyake; hata hivyo nguo zilizovaliwa na watu wa ng'ambo zaja kwa marobota, na watu wazikimbilia. Kila nchi imezipa jina lake. Watu wa Tanzania na Kenya husema mitumba. Wabemba wa Zambia husema salaula, maana yake kuchagua kwa kupekua rundo. Wenye kusema Kilingala husema tombola bwaka, yaani inua, tupa; na kweli mkono wa mnunuzi hauna kazi nyingine. Zamani watu wa pwani waliziita kafaulaya, kwa kuwa hawakuweza kuamini ya kwamba mtu mwenye akili timamu aweza kuliacha koti zima akiwa bado yu hai.

Kununua kitu kikuukuu si aibu wala si dhambi. Mtu maskini amvalishaye mtoto wake shati safi la mtumba amefanya vema kuliko yule anayekopa ili avae mpya. Wala kupatana bei si uongo. Mnunuzi akisema, "Mama, hii ni ghali mno," na muuzaji akijibu, "Baba, kwa bei hiyo watoto wangu watalala njaa," wote wawili wajua ya kuwa hiyo ni desturi ya soko, wala hakuna aliyedanganyika.

Lakini furaha ya mtafutaji wa vitu vikuukuu si kununua rahisi tu. Furaha yake kubwa ni kukiona kitu cha thamani ambacho mwenyewe hakijui. Hapo ndipo swali linapozaliwa.

Na tuseme yuko fundi mmoja wa saa, mtu wa sala, asiyelewa, asiyepiga watu wa nyumba yake. Jumamosi moja apita Mangobo, aona meza ya mama mjane ambaye ametoa vitu vya marehemu mumewe ili apate karo ya watoto. Katikati ya visu na miwani imelala saa moja ya mfukoni, nyeusi kwa moshi. Fundi aichukua, aifungua kifuniko, aona alama ndogo ndani. Moyo wake waruka, lakini uso wake hautikisiki.

"Mama, saa hii yatembea?"

"Haitembei, Baba. Tangu mwenyewe alipofariki haijatembea. Kijana wangu asema ni shaba tu."

"Waitakia kiasi gani?"

"Dola tano."

"Chukua tatu, Mama. Saa isiyotembea ni mzigo."

Mama apokea dola tatu na kumshukuru. Fundi aenda zake na saa ya dhahabu mfukoni. Hakuiba, kwa maana alilipa. Hakusema uongo hata neno moja, kwa kuwa saa kweli haikutembea. Je, ana kosa?

Ukiwauliza watu sokoni, wengi watacheka na kusema ya kuwa fundi ana bahati, na mama ana kijana mjinga. Jibu lao la kwanza ni hili: mama alikubali, hakuna aliyemshurutisha. Jibu hili lina nguvu, maana kila biashara husimama juu ya mapatano. Lakini yafaa kuuliza mama alikubali nini. Mtu aliyekunywa sumu akidhani ni maji hakukubali kunywa sumu. Mama alikubali kuuza shaba. Dhahabu hakuiuza, kwa kuwa hakujua ya kuwa anayo. Na ambacho mtu hakukijua, hakuweza kukitoa kwa hiari yake. Basi mapatano yale yalikuwa ya upande mmoja: fundi alinunua kitu ambacho mama hakukiuza.

Jibu la pili ni gumu zaidi, na fundi mwenyewe atalitoa. Atasema: "Mimi nilikaa miaka mingi nikijifunza saa. Nimeharibu macho yangu kwa kazi hii. Ujuzi wangu ni jasho langu, je, nisiule?" Asemayo ni kweli. Mkulima hula kwa nguvu za mikono yake, na fundi hula kwa elimu yake. Lakini elimu hulipwa kwa kazi inayomfaa mwingine. Daktari hulipwa kwa sababu ujuzi wake wamponya mgonjwa. Asingestahili ujira kama angeutumia ujuzi ule kumwambia mgonjwa kwamba shamba lake halina faida kwake tena, kwa kuwa atakufa kesho, ili amwuzie. Ujuzi wa fundi ulimfaa nani pale mezani? Ulimfaa yeye peke yake, na kwa hasara ya mjane. Tena si fundi aliyeifanya saa kuwa dhahabu. Alipoiona ilikwisha kuwa dhahabu, nayo ilikuwa mali ya nyumba ile.

Wako wasemao pia, "Nisiponunua mimi, atanunua mwingine." Mwizi yeyote aweza kusema hivyo.

Swali hili si geni. Mrumi mmoja, Cicero, katika kitabu cha wajibu alichoandika mwaka 44 kabla ya Kristo, alieleza habari ya mfanyabiashara aliyetoka Aleksandria na ngano nyingi, akafika kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa. Njiani aliona merikebu nyingine zinazokuja, zimejaa ngano. Watu wa Rhodes hawakujua. Je, awaambie, na bei ianguke? Au anyamaze, auze ghali? Wenye hekima wawili, Diogenes na Antipater, walipingana. Diogenes alisema kunyamaza si kudanganya, maana muuzaji halazimiki kutangaza kila alijualo. Antipater alisema watu ni ndugu, na lililo jema kwa wote halifichwi. Cicero alimpa haki Antipater. Baadaye, katika karne ya 13, Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliifikiri habari ile ile akaona ya kuwa yule mfanyabiashara hakuvunja haki, kwa maana aliuza kwa bei iliyokuwako siku ile, ingawa kama angesema au angepunguza bei angekuwa na fadhila kubwa zaidi.

Basi wanafunzi wa fundi wa saa wataruka kwa furaha: mtakatifu ameruhusu kunyamaza! Wasiruke upesi. Mwalimu huyo huyo, katika maneno yaliyo karibu na hayo, aliitaja hali ya mtu auzaye dhahabu akidhani ni shaba, na mnunuzi ajua. Hapo hakusitasita. Alisema ya kuwa mnunuzi huyo amenunua bila haki, na yampasa kurudisha. Tofauti iko wapi? Ngano ya Rhodes ilikuwa ngano, na kila mtu aliijua kuwa ngano. Kilichofichika ni habari ya kesho. Lakini saa ya Mangobo, kitu chenyewe kilifichika. Mtu mmoja aliona shaba, mwingine aliona dhahabu, na mkono wa kila mmoja ulishika kitu kingine.

Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliandika mwanzoni mwa karne ya 5 katika kitabu chake juu ya Utatu habari ya mchekeshaji mmoja aliyeahidi kuwaambia watu wote lililomo mioyoni mwao. Siku ilipofika walijaa, wakanyamaza kimya. Akawaambia ya kuwa wote wataka kununua rahisi na kuuza ghali. Wakampigia makofi sana, kila mtu akijiona ametambuliwa. Mchekeshaji yule angepata makofi Makiso pia. Lakini Augustino hakukubali ya kuwa wote wako hivyo. Akasema amjua mtu mmoja aliyeletewa kitabu ili anunue, akaona ya kuwa muuzaji hajui thamani yake na kwa hiyo aomba fedha kidogo sana. Akamlipa bei ya haki, kubwa zaidi ya ile aliyoombwa, na muuzaji hakutazamia. Jina la mtu yule Augustino hakuliandika.

Katekumeni atauliza: Je, basi katika kila ununuzi yanipasa kupima dhamiri yangu kama fundi wa dhahabu? Sivyo. Bei ya haki si nukta moja, ni kama upana wa njia. Mtu aweza kutembea upande huu au upande ule bila kutoka njiani. Shati ambalo mmoja aliuza dola mbili na jirani yake dola tatu halina neno. Liko pia jambo ambalo wote wawili hawajui. Mfanyabiashara anunuaye robota la nguo lililofungwa, aghalabu la kilo 45, hajui lililomo, na mara nyingi aliyemwuzia naye hajui. Akilifungua akakuta makoti mazuri, ni bahati yake. Akikuta matambara, ni bahati yake vilevile, wala hawezi kurudi kulia. Waliiuza na kuinunua bahati yenyewe, na wote wawili walijua wanafanya nini. Vipofu wawili wakicheza pamoja hakuna aliyeonewa. Udhalimu huanza mmoja afumbuapo jicho kwa siri.

Na fedha zilizosahauliwa mfukoni mwa koti? Mwenye koti yuko mbali, katika mji usiojulikana, wala hakuna njia ya kumfikia. Mali ambayo mwenyewe hawezi kupatikana hata kidogo, aliyeiokota hakuwa mwizi. Na mwenye moyo mpana huwakumbuka maskini hapo. Lakini kama mfuko ule ni wa koti la jirani, lililouzwa na mkewe jana, hiyo ni fedha ya jirani, na mlango wake wajulikana.

Wengine hulitaja fumbo la hazina iliyofichwa shambani, katika Injili ya Mateo. Mtu aliikuta hazina, akaificha tena, akaenda akauza vyote alivyo navyo, akalinunua shamba lile. Katekumeni mwenye akili husimama na kuuliza: Je, huyo hakumdanganya mwenye shamba? Swali lake ni jema, wala asikemewe. Fumbo lile lasifu neno moja, yaani kutoa vyote kwa furaha, kama vile fumbo la wakili dhalimu katika Luka lisivyousifu wizi wake bali akili yake. Tena hazina ya kale iliyozikwa si kama saa ya mjane. Aliyeizika amekwisha kufa na kusahauliwa, na mwenye shamba hakuwahi kuwa nayo. Sheria ya Warumi, tangu Kaisari Hadriano, iligawa hazina iliyokutwa kwa bahati katika shamba la mtu mwingine: nusu kwa aliyeikuta, nusu kwa mwenye shamba. Mtu wa fumbo lile alitaka kuipata yote, kwa hiyo alinunua shamba. Saa ya Mangobo haikuzikwa. Ilikuwa mezani, na mwenyewe alikuwa ameketi nyuma yake.

Yako mambo mabaya kuliko ujinga, nayo ni shida. Mwezi wa Julai 1960 Wabelgiji wengi walipoondoka Kongo kwa hofu, waliacha nyumba na vyombo, au waliviuza kwa bei yoyote. Mwaka 1991 na tena mwaka 1993 askari waliteka nyara maduka na nyumba katika miji ya Zaire, na vitu vya nyara vikauzwa njiani mchana. Aliyenunua friji ya nyara akijua itokako, huyo ameshika mkia wa ng'ombe ambaye mwenzake ameshika pembe zake. Na aliyenunua kitanda cha mtu mwenye njaa kwa bei ya sahani ya wali, ingawa hakuficha neno, amenunua njaa ya mwenzake.

Basi fundi wa saa afanye nini? Hapaswi kuwa mjinga kwa makusudi, wala hapaswi kutoa dola mia mbili ambazo hana. Angeweza kusema: "Mama, hii si shaba, ni dhahabu. Niachie niisafishe na kukutafutia mnunuzi wa kweli, nawe utanipa ujira wangu." Kwa njia hii ujuzi wake ungelipwa kwa haki, hata nauli ya toleka ingehesabiwa, na mjane angepata karo ya mwaka. Kama ataka saa yenyewe, na atoe bei ambayo sonara wa mjini angetoa, akikata gharama ya kuitengeneza na kazi yake. Hapaswi kutoa bei ya duka la Antwerp au Brussels, kwa maana saa haiko huko.

Ngumu zaidi ni hali hii: fundi alinunua kwa nia njema, akidhani naye kwamba ni shaba, na usiku, alipoifuta moshi kwa kitambaa, dhahabu ikang'aa. Hapo hakudanganya mtu. Wengi watasema amekwisha kuwa huru. Lakini Tomaso wa Akwino, aliyesema ya kuwa muuzaji asiyejua kasoro ya kitu chake hana dhambi ila yampasa kufidia mara ajuapo, alisema ya kuwa sheria hiyo yamhusu mnunuzi vilevile. Basi fundi aliyelala maskini mwenye haki, anaamka tajiri mwenye deni. Jumatatu asubuhi yampasa kurudi Mangobo. Na ikiwa mjane amehama? Amwulize jirani, amwulize mwenye nyumba, katekista wa mtaa, dada yake wa Lubunga. Deni halifi kwa kuwa njia ni ndefu. Hufa pale tu ambapo mwenye kudai hawezi kupatikana kabisa.

Msomaji wa kijijini asidhani ya kuwa habari hii ni ya watu wa mjini wenye jicho kali. Mara nyingi yeye ndiye mjane wa hadithi. Tangu mwaka 1982, serikali ya Zaire iliporuhusu watu wa kawaida kuchimba almasi, wachimbaji wengi wa pande za Kisangani wameuza mawe wasiyoyajua kwa watu wenye mizani na lenzi. Karati tano ni gramu moja, mchimbaji huona jiwe dogo kama punje ya mahindi, mnunuzi huona rangi, usafi, na bei ya Antwerp, naye asema tu, "Ni la hali ya chini." Kabla ya almasi zilikuwako sanamu. Wambole, walio upande wa Opala, walichonga sanamu za mti zenye kumwonyesha mtu aliyenyongwa, miguu yaning'inia, ambazo zilitumiwa katika chama cha Lilwa kuwafundisha vijana adhabu ya wavunja sheria. Leo sanamu hizo zimo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, na matajiri huzigombea mnadani. Mzee aliyetoa sanamu yake kwa chumvi, kitambaa au franka chache alijua sanamu ni nini kwa kijiji chake, kuliko mnunuzi alivyojua. Ambalo hakulijua ni lile moja tu ambalo mnunuzi alilijua: bei yake ng'ambo ya bahari.

Mwezi wa Februari 2022 serikali ya Ubelgiji iliikabidhi serikali ya Kongo orodha ya vitu karibu 84,000 vilivyomo katika makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels. Tarehe 8 Juni mwaka huo mfalme Philippe alileta Kinshasa barakoa kubwa ya Wasuku iitwayo kakungu, kwa mkopo usiowekewa mwisho. Wataalamu wa pande mbili wana kazi ya kuchunguza kila kitu kilitokaje: kiliporwa, kilitolewa zawadi, au kilinunuliwa. Kwa vilivyoporwa na vya zawadi, swali ni fupi. Kwa vilivyonunuliwa yabidi kuuliza tena, nani aliuza, alipewa nini, na alidhani anauza kitu gani.